Zamu ya Kuitikia

Katika mtihani wangu wa kidato cha nne, ule niliousomea jioni baada ya kazi kwa miaka ambayo ukiijumlisha vizuri inatosha kumzaa mtoto, kumlea na kumwoza, kulikuwa na swali lililosema: taja na ufafanue sifa za nyimbo za jadi. Nilicheka kwa sauti. Msimamizi akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani. Wenzangu wote walikuwa wanatafuna kalamu, na mimi swali lile lilikuwa limelala nyumbani kwetu, kwenye sakafu ya jiko, jiwe la kusagia lenye uzito wa ng'ombe wawili na ndama.

Nilijibu kwa mafuriko, kama mto Ruvubu mwezi wa nne. Niliandika kwamba wimbo wa jadi hauna mtunzi anayejulikana. Kwamba hupokezanwa kwa mdomo. Kwamba huambatana na kazi. Kwamba hubadilika kufuatana na anayeimba na yule anayeimbiwa. Kwamba mara nyingi una mwanzilishi na waitikiaji. Nikaomba karatasi ya ziada, nikaijaza hiyo nayo. Nilifaulu, na mpaka leo nikipita mbele ya shule ile natembea kifua mbele, hata nikiwa nimebeba mkungu wa ndizi begani.

Lakini siku ile ya mtihani, nilipokuwa naosha mikono nyumbani, jibu la kwanza likaanza kuniwasha. Hauna mtunzi anayejulikana. Mbona mimi mtunzi ninamjua? Alikuwa mama yangu, na nilikuwa nimemfuta kwa kalamu ya bluu ili nipate alama mbili.

Niwaeleze jiwe lenyewe, hasa ninyi mliozaliwa mashine za kusaga zikiwa tayari zinapiga kelele. Ni jiwe bapa, pana, limelazwa kwa mteremko. Kwetu Ngara tunaliita urusyo. Msagaji anapiga magoti upande wa juu, anashika jiwe dogo kwa mikono miwili, anasukuma mbele, anavuta nyuma. Ulezi unaingia mzima, unatoka unga, unadondokea kwenye ungo. Mwendo ule wa mbele na nyuma ndio mdundo. Hakuna ngoma wala makofi. Wimbo unapanda juu ya mdundo huo kama mtu anayedandia baiskeli inayotembea.

Mama alikuwa Msubi wa Biharamulo, upande wa Nyakahura, akaolewa huku kwenye kilima chetu. Alizaa wavulana watano mfululizo, kikosi kamili, bila binti hata mmoja wa kupiga magoti kando yake. Kwa hiyo kwenye jiwe alikuwa peke yake, na sisi tulijipanga mlangoni tukisubiri uji. Kazi yetu ilikuwa moja, kuitikia. Mama aliimba maneno yake kwa sauti ya chini, kama anaambiana siri na ulezi, kisha mwishoni sauti ilipanda kidogo, na hapo tulijua zamu yetu imefika:

Ehee, saga, tunasikia.

Tuliimba kwa lugha ya nyumbani, ila maana ndiyo hiyo. Na tuliimba kwa nguvu zote. Ninaapa kuna asubuhi ng'ombe wa ng'ambo ya Ruvubu, nchi ya watu, waligeuza shingo kututazama.

Halafu kuna sheria ya jiwe, ambayo kwenye mtihani niliisahau kabisa. Mwanamke akiwa anasaga anaruhusiwa kuimba lolote. Anaweza kumsema mama mkwe, jirani, mwenye duka, na zaidi ya wote mume wake. Anaimba bila kutaja jina la mtu, na akishasimama na kukung'uta unga kwenye magoti, yameisha. Mume haruhusiwi kuuliza, hata akisikia kila neno. Akithubutu kuuliza, wanawake wa kilima kizima watamcheka mpaka ahamie wilaya nyingine.

Basi jioni ile ya mtihani nikataka kuuimba wimbo wa mama wote, kama kumwomba msamaha. Nikafungua mdomo. Kikatoka kiitikio. Nikarudi nyuma nitafute maneno ya kabla yake, nikakuta sina. Nikajaribu tena nikiwa natembea, nikiwa nimekaa, nikiwa nimefumba macho. Ehee, saga, tunasikia. Basi.

Nikampigia simu kaka yetu mkubwa, ambaye anaishi Mwanza na anaona kumbukumbu yake ni maktaba ya taifa.

"Kaka, unaukumbuka wimbo wa mama wa kusagia?"

"Mimi? Nausahau vipi!" Na bila kuombwa akauimba huko huko kazini kwake: Ehee, saga, tunasikia.

"Sawa. Na kabla ya hapo?"

Nikasikia magari ya Mwanza yakipita.

"Kabla ya hapo," akasema, "kulikuwa na njaa."

Wadogo zangu wawili nao walikuwa hivyo hivyo. Yule wa tatu, wa mwisho kabisa, akaniuliza kama nimekunywa. Wanaume watano, tuliokaa mlangoni pale karibu kila asubuhi ya utoto wetu tukitangaza kwa sauti kuu kwamba tunasikia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesikia kitu. Akili zetu zilikuwa kwenye sufuria.

Nilicheka, kwa sababu mimi hucheka kwanza. Kisha nikaingia jikoni, nikakaa. Mama hatunaye tena. Wimbo wenyewe ulimtangulia kwa miaka mingi, maana mwaka ule kambi ya wakimbizi ya Lukole ilipojaa watu, mashine ya kusaga ilifika jirani nasi, na mama akaanza kubeba debe kichwani kama wanawake wengine. Siku moja nilimwuliza mbona siku hizi haimbi. Akanijibu, "Nikaimbie mashine?" Nikaona ni jibu zuri, nikaenda zangu kucheza. Ningejua, ningeng'ang'ania gauni lake mpaka aimbe pale njiani, debe kichwani.

Sauti yake ninayo. Naweza kuisikia hata nikiwa kazini naziba pancha huku pikipiki nne zinanguruma. Ila ni sauti bila maneno, kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Nilitaka maneno. Nilitaka kujua mwanamke yule alikuwa anasema nini miaka yote ile tuliyokaa mita moja kutoka kinywani mwake.

Wa kumwuliza nilimjua: mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, anayeishi Nyakahura mpaka leo. Nikafunga safari. Lusahunga nilinunua sukari na sabuni, malori yakiwa yamejipanga kule mbele urefu ambao, nakwambia, la kwanza lilikuwa limeshafika Rusumo na la mwisho bado linapakia Dar. Nikafika nikiwa na daftari jipya, kalamu mbili na simu yenye chaji kamili. Msomi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Umenenepa. Au ni huko kusoma?"

Nikamweleza shida yangu. Akafurahi sana. Nikamtolea kiti cha plastiki uani, nikaweka simu juu ya ndoo iliyofunikwa, nikamwambia aimbe. Akajiweka sawa, akakunja mikono mapajani, akakohoa, akaanza. Lo! Ilikuwa kwaya. Sauti ya kwanza kabisa, ya Jumapili, maneno yamenyooka, kila mstari unamshukuru Mungu kwa mavuno. Wimbo wa mama umevalishwa joho.

"Mama mdogo, ndivyo mlivyoimba?"

"Hapana," akasema bila kusita. "Lakini umeniweka kwenye kiti kama askofu, unataka niimbe nini? Mikono imekaa bure, mdomo utajuaje pa kwenda?"

Jiwe lake lilikuwa mlango wa nyuma, limefanywa kidaraja cha kukanyagia watu wasiingie na matope. Tulilifukua na jembe. Tuliliosha kwa maji ndoo tatu na kulianika juani, na kuku walikuja kutusimamia. Kisha mama mdogo akaleta bakuli la ulezi, akapiga magoti huku akitukana goti la kushoto, akashika jiwe dogo. Akasukuma, akavuta. Mara ya tatu au ya nne, wimbo ukaja wenyewe.

Sikuwa nimeusikia kwa zaidi ya miaka thelathini.

Aliimba juu ya mbuzi wa jirani ambaye amesoma sana, anajua kufungua geti. Aliimba juu ya mkwe wake anayekoroma mpaka bati linalegea misumari. Aliimba juu ya mtoto wa dada anayekuja na daftari lakini hakuleta majani ya chai. Sauti ikapanda kidogo mwishoni, na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikaitikia: Ehee, saga, tunasikia. Alicheka mpaka ulezi ukamwagika.

Nilisubiri hadi alipopumzika. "Mama mdogo, sasa yale ya mama."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ya mama yako ningeyapata wapi? Tulisaga pamoja tukiwa wasichana, tukiwasema kaka zetu. Alipoolewa alikwenda kusagia huko kwenu. Mimi nimewahi kuishi jikoni kwa mama yako?"

"Lakini wimbo si ni mmoja?"

"Njia ni moja. Kila mtu anapita na mzigo wake." Akapangusa unga kwenye mkono. "We baba, hukusoma shuleni kwamba wimbo una mwenyewe anayeimbiwa? Mama yako alikuwa anamsema nani?"

Tulijua wote wawili.

"Basi, mwulize yeye," akasema. "Mtu aliyesemwa hasahau. Wewe uliyekuwa unaitikia ndiye mwenye haki ya kusahau."

Kwa hiyo nilikuwa nimeutafuta ukweli nikizunguka wilaya mbili, kumbe umekaa nyumbani kwetu, unakunywa chai yangu kila asubuhi. Baba yangu. Nilikuwa sijamfikiria hata mara moja, kwa sababu katika kumbukumbu yangu hakuwapo. Wakati mama anasaga, baba alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, ananoa jembe au anatengeneza mpini. Sasa ninapofikiri, hakuna mwanamume aliyewahi kunoa jembe moja muda mrefu namna ile. Majembe yetu yangeweza kunyoa ndevu.

Nilimkuta amekaa barazani, sinia la maharage mapajani, anachambua mbegu. Macho yake yamepungua, vidole vyake havijapungua. Anatoa bovu kwa kuligusa tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nyakahura wazima?"

"Wazima. Mama mdogo anakusalimu." Nikakaa kwenye gogo. Nikazunguka kidogo, nikaongelea mvua, nikaongelea bei ya mbolea. Mwishowe nikasema, "Baba, mama alikuwa anaimba nini kwenye jiwe?"

Vidole vikasimama.

"Mimi nitajuaje? Nilikuwa nanoa."

"Ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nanoa," akarudia, na vidole vikaendelea.

Nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni sawa na kufunga siku arobaini. Akachambua kiasi cha konzi tatu. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Ya kwenye jiwe mwanamume hayasemi. Nikiyasema leo ni kumshtaki, naye hayupo kujitetea. Usinitie kwenye aibu hiyo uzeeni."

Nikamwambia nimeelewa. Na kweli nilielewa, ila maneno bado niliyataka. Nikainuka niende. Labda aliona. Labda alisikia gogo.

"Kaa," akasema. "Wewe uliyesoma, tazama hilo jiko. Unaona dirisha?"

"Naliona."

"Mwanzoni halikuwepo."

Nilitazama dirisha la jiko, dogo, limepinda upande mmoja, nililoliona maisha yangu yote. Nikamtazama baba. Alikuwa anachambua maharage.

"Pipa la maji lile la mgongoni mwa nyumba. Nilikuwa nimesema ndoo mbili zinatosha." Akatupa bovu. "Na kule Lusahunga nilikokuwa nakwenda kuuza ndizi kwa madereva, nikilala siku tatu, nne. Unakumbuka niliacha?"

"Ulisema mgongo unauma."

"Mgongo haukuwa unauma."

Hapo nikaanza kuelewa alichokuwa ananipa. Alikuwa hatoi neno hata moja la mama. Alikuwa ananionyesha majibu. Sisi watoto tulimjibu kwa kelele mlangoni. Yeye nyuma ya ukuta alijibu kwa patasi na nyundo, siku mbili au wiki mbili baadaye, bila kumtazama mtu, kama wazo lilikuwa lake. Nyumba yetu nzima, iliyopinda hivi, ilikuwa imejengwa na wimbo.

"Na wewe," akasema.

"Mimi nini?"

"Shangazi yako hana mtoto wa kiume. Nilikupeleka kwake ukae naye, uchunge. Ulikaa wiki ngapi?"

Nilikuwa na miaka saba. Nilikaa wiki tatu, na nilirudishwa nyuma ya baiskeli ya baba bila maelezo. Maisha yangu yote nimesimulia kisa hiki kijiweni, watu wakishika mbavu: jinsi nilivyorudishwa kwa ulafi, jinsi nilivyomaliza akiba ya mihogo ya shangazi mpaka panya wakahama kwa hasira. Mimi mwenyewe niliamini hivyo. Nilirudishwa kwa sababu nakula.

"Baba, si ulisema nakula sana?"

"Ulikuwa unakula sana," akakubali. "Lakini hukurudishwa kwa hilo. Nilikaa nyuma ya ukuta asubuhi mbili. Ya tatu nikachukua baiskeli."

Sikuwa na mzaha wowote. Nilitafuta hata mmoja, mimi mwenye mizaha ya kupanga kwenye magunia, nikakosa. Nilifikiria mwanamke yule akisukuma na kuvuta, mlangoni wamebaki wanne, wanaitikia kwa nguvu kwamba wanasikia. Na nilifikiria kwamba sitayajua maneno aliyoyatumia kunirudisha nyumbani.

Mke wangu alikuwa jikoni anapika ndizi, moshi unatoka kwenye lile dirisha.

"Kuna aliloliimba," nikauliza polepole, "ambalo hukulijibu?"

Nilidhani atanifukuza. Alisogeza sinia upande, jambo ambalo halifanyi mpaka kazi iishe.

"Lipo moja. Hilo nitakwambia, kwa sababu simshtaki yeye. Najishtaki mimi." Akafuta vidole kwenye suruali. "Aliimba kwamba watoto wanasikia, kuku wanasikia, ukuta wa jiko unasikia. Yuko mmoja ananoa jembe, jembe limekwisha, limebaki mpini, bado hasikii. Angeitikia siku moja tu, jiwe lingekuwa jepesi."

Alisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbele yake. Hakusita popote.

"Alitaka uitikie?"

"Alitaka niitikie. Pamoja na ninyi. Kwa mdomo."

"Sasa mbona hukuitikia?"

"Watu wangesikia."

"Watu gani, baba? Jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya bonde."

Akafikiri juu ya hilo. Naona alikuwa hajalifikiria kwa miaka yote hiyo. "Ndiyo," akasema. "Ni mbali."

Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa koti, kalamu mbili, simu. Sikutoa chochote. Niliogopa kwamba nikitafuta kalamu maneno yataondoka kama yale mengine. Niliweka viganja viwili juu ya mapaja, nikasukuma mbele, nikavuta nyuma, juu ya suruali yangu ya grisi, mbele ya baba yangu mzazi, mwanamume mzima anasaga mapaja yake. Mdundo ukaja. Nikayapandisha yale maneno juu yake, kwa sauti ya chini: watoto wanasikia, kuku wanasikia, ukuta unasikia. Yaliingia yote, hakuna lililozidi, hakuna lililopungua. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuimba upande ule wa wimbo. Mwisho nikapandisha sauti ile ngazi moja, kama yeye, na nikanyamaza.

Viganja vyangu viliendelea. Mbele, nyuma. Mke wangu alichungulia dirishani, mwiko mkononi, aone nani ameingia.

Baba alifungua mdomo. Alitoa sauti kavu, ya mtu ambaye hajawahi kuimba popote, hata kanisani huchezesha midomo tu. Ehee, akasema, akapotea, akavuta pumzi mahali pasipo pake, akaipata saga wakati viganja vyangu vimeshapita, na tunasikia ikatoka peke yake mwishoni, kubwa mno, ikaenda mpaka bondeni.

Aliinamisha kichwa, akasikiliza viganja vyangu.

"Anza tena," akasema. "Hapo nimechelewa."